Treni Yako Inakwenda Wapi?

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wapenzi wa reli ndogo, yaani treni za mfano, juu ya kuchora ramani ya reli ya nyumbani. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee mliotutangulia katika kazi hii, akina mama, akina baba, vijana, na ninyi watoto mliokaa huku mbele wenye hamu kuliko sisi sote: habari zenu? Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimeombwa nizungumze juu ya ramani ya reli ndogo ya nyumbani. Ramani, kabla ya msumeno. Ramani, kabla hujanunua hata kipande kimoja cha reli. Nami leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka likae vichwani: treni yako inakwenda wapi, na inafuata nini huko?

Mviringo wa kwanza wote tunaujua. Boksi linafunguliwa, vipande vya reli vinaunganishwa, kichwa cha treni kinawekwa, umeme unawashwa, treni inazunguka. Raha iliyoje! Watoto wanapiga makofi. Inazunguka, inazunguka, inazunguka. Wiki mbili zikipita hakuna anayegusa swichi, na vumbi limeshaanza kutua juu ya mabehewa. Kwa nini? Treni imeharibika? Ni nzima. Umeme haupo? Upo. Reli zimekatika? Hazijakatika. Kilichokosekana ni safari. Treni ile haitoki popote, haifiki popote, na haina inachokifuata.

Halafu huwa tunafanya nini? Tunadhani dawa ni kuongeza reli. Tunaweka mviringo wa pili ndani ya ule wa kwanza, pointi hapa, yaani pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, tawi pale, daraja juu yake, mpaka meza yote inajaa chuma. Ndugu zangu, reli zikiongezeka safari haiongezeki.

Nina rafiki, fundi hodari wa mikono. Meza yake ilikuwa na reli kila palipokuwa na nafasi. Pointi zake hazikukwama hata moja, na nyaya chini ya meza zilikuwa zimefungwa vizuri, kila rangi na upande wake. Siku moja alimkaribisha mzee aliyefanya kazi kwenye reli kubwa maisha yake yote. Mzee akaitazama meza kimya, akanyanyua behewa la mbao kwa vidole viwili, akauliza: "Hili linapakiwa wapi?" Rafiki yangu akamwonyesha njia moja ya pembeni. "Na linapakuliwa wapi?" Akamwonyesha nyingine, kama sentimita 20 kutoka ile ya kwanza. Mzee akalirudisha behewa kwenye reli, akalisukuma kidogo kwa kidole, akasema: "Mbao hizi zingebebwa begani tu."

Rafiki yangu hakuudhika. Aling'oa karibu nusu ya reli zake. Upande mmoja wa chumba akabakiza kiwanda cha kupasua mbao chenye njia moja. Katikati akaacha stesheni yenye njia ya kupishana. Upande wa pili, reli ikaingia nyuma ya kilima na kutokea kwenye njia nne zilizofichwa, mahali panaposimama badala ya nchi nzima iliyobaki. Sasa behewa tupu linatoka nyuma ya kilima, linasimama stesheni kumpisha mwenzake, linasukumwa polepole kuingia kiwandani mpaka mlango wake ulingane na jukwaa. Linakaa pale. Yeye anaweka juu yake mzigo wa vijiti vyembamba vilivyofungwa kwa uzi. Treni inayofuata inalichukua. Ukimwuliza behewa lile linakwenda wapi, anakujibu bila kufikiri. Na tangu hapo chumba kile hakikosi watu jioni.

Mmarekani Frank Ellison, aliyejenga reli aliyoiita Delta Lines, alilieleza jambo hili vizuri tangu miaka ya 1940. Alisema reli ndogo ni jukwaa la maigizo: mandhari ni jukwaa, treni ni waigizaji, na ratiba ndiyo hadithi yenyewe. Mwigizaji hakai jukwaani muda wote. Anaingia, anafanya lililomleta, anatoka. Sasa niambieni, waigizaji wako wakitoka wanakwenda wapi, kama kila reli uliyonayo iko mbele ya macho?

Ndiyo maana, kama kuna kitu kimoja ningependa mkiweke kwenye ramani kabla ya vingine vyote, basi ni hizo njia zilizofichwa. Ziite yadi ya nyuma ya pazia. Zinaweza kuwa nyuma ya ukuta wa kadibodi, chini ya kilima, au ndani ya kabati la chumba cha pili. Njia tatu au nne zinatosha kuanzia. Treni zinasubiri huko, zinaingia kwa zamu, na yule anayetazama anaamini zimetoka mbali. Lakini nawasihi, msizifiche kiasi kwamba mkono haufiki. Behewa linaloanguka huchagua kuanguka kule kusikofikika! Acha nafasi ya kupitisha mkono mzima, sentimita 20 hivi juu ya reli, na upande mmoja uwe wazi.

Tukiwa bado hapo kwenye kazi ya treni, kuna jambo ambalo michoro mingi hulisahau. Njia ya pembeni ina mwelekeo wake. Kichwa kiko mbele, behewa liko nyuma. Kama pointi imeelekea nyuma, treni inaipita, inasimama, inarudi kinyumenyume na kulisukuma behewa ndani. Rahisi kabisa. Lakini kama pointi imekaa ikiikabili treni, kichwa kitaingia kwanza, behewa litafuata nyuma yake, na kichwa kimeshafungiwa mwishoni mwa njia. Kitatokaje? Ili kufanya kazi hiyo lazima kichwa kwanza kizunguke, kipite njia ya pili, kije kushika behewa kwa nyuma. Kwa hiyo unahitaji njia ya kuzungukia, yenye pointi mbili, na yenye urefu wa kutosha mabehewa unayotaka kuyazunguka. Je, hilo ni tatizo? Hapana, hiyo ndiyo raha yenyewe! Kiwanda kimoja kinachokabili treni kinakupa dakika kumi za kufikiri. Weka kimoja cha namna hiyo kwa makusudi. Ukiweka vyote vikiangalia upande mmoja, kazi inakwisha kabla hujavuta kiti.

Sasa tuje kwenye vipimo, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu hapa ndipo ndoto nyingi zinapokutana na ukuta.

Kupanga ni kuchagua. Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, ambamo kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa wake wa kweli. Reli yenye upana wa milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5. Skeli ya N ni sehemu moja ya 160, na reli yake ina upana wa milimita 9. Mtu akisikia hivyo anasema, kumbe ni kidogo hivyo, basi chumba changu kitatosha reli ya kwenda mbali! Haya, tupige hesabu. Kilomita moja ya kweli, kwa HO, ni mita 11 na nusu. Chumba cha nani hapa kina ukuta wa mita 11 na nusu?

Tazameni mifano miwili ya reli za kweli. Kule California kuna mzunguko wa Tehachapi, uliokamilika mwaka 1876. Reli inapanda mlima kwa mwinuko wa asilimia 2, inajizungusha, kisha inapita juu yake yenyewe ikiwa imepanda mita 23 hivi. Treni ndefu ikipita pale, kichwa chake kinakuwa juu ya mkia wake. Nani asiyetaka kitu kama hicho nyumbani kwake? Lakini mzunguko ule ukiuweka kwenye HO bila kuupunguza, duara lake lina upana wa zaidi ya mita 4, na reli yake peke yake ni mita 13. Huo si mzunguko wa kuweka kwenye kona ya chumba. Huo ndio chumba.

Basi mtu atasema, nitachagua reli ya milimani, zile zenye kona kali. Sawa. Uswisi, kwenye reli ya Bernina, kuna daraja la Brusio, lililofunguliwa mwaka 1908. Reli yake ni nyembamba, ya mita moja. Treni inapita juu ya matao ya mawe, inazunguka duara zima na kupita chini ya daraja lile lile, ili ishuke bonde kwa mteremko wa asilimia 7. Watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kuiona kwa sababu kona yake ni kali kupita kawaida. Nusu kipenyo chake ni mita 70. Gawanya kwa 87. Unapata sentimita 80! Kona inayowashangaza watalii, kwa skeli yetu, bado ni pana kuliko kona nyingi tunazozijenga nyumbani, ambazo ni sentimita 45, 55, au 60.

Maana yake nini? Maana yake hakuna hata mmoja wetu anayejenga reli kama ilivyo. Sote tunapunguza. Swali ni nani anapunguza akijua anachokipunguza, na nani anakuja kugundua baadaye, mabehewa yakiwa yamelala ubavu.

Chukueni kanuni moja, inayotumiwa na wajenzi wengi, nayo haijawahi kuniangusha: pima behewa lako refu kuliko yote, zidisha kwa tatu. Hicho ndicho nusu kipenyo cha kona ambayo treni itapita bila wasiwasi. Mara mbili na nusu itapita kwa taabu, na pale mabehewa yanaposhikana patakusumbua. Mara nne au tano itapendeza hata kwa macho, kwa sababu behewa refu kwenye kona kali linatokeza pembe zake nje kwa namna inayovunja ndoto yote.

Sasa itumieni. Behewa la abiria la kisasa lina urefu wa kama mita 26. Kwa HO ni sentimita 30. Mara tatu, sentimita 90. Ukitaka treni igeuke nusu duara na kurudi, unahitaji upana wa karibu mita mbili. Je, unao? Kama huna, usikate tamaa wala usilazimishe. Chukua behewa fupi la mizigo la mita 12. Kwa HO ni sentimita 14, na kona ya sentimita 42 inalitosha. Umeona? Chumba ni kile kile, skeli ni ile ile, ila umechagua reli ya tawi ya zamani yenye mabehewa mafupi na kichwa kidogo, na ghafla una nafasi. Mimi nasema wazi, na najua wapo watakaobishana nami wakati wa mapumziko: mwenye chumba kidogo akichagua treni ya abiria ya masafa marefu, amechagua huzuni. Achague tawi. Achague bandari. Achague machimbo. Treni fupi inayopita vizuri ni nzuri kuliko treni ndefu inayolala njiani.

Kuna mtego mwingine wa kona. Kona ya kushoto ikifuatwa papo hapo na kona ya kulia, behewa la mbele linavutwa huku na la nyuma linavutwa kule, na magurudumu yanapanda reli. Kati ya kona mbili zinazopingana weka reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote, usipungue hapo. Na mkumbuke kwamba pointi nayo ni kona! Pointi mbili zikigusana vibaya zinatengeneza mtego huo huo bila wewe kujua.

Mwinuko nao una hesabu yake, na ni hesabu isiyobembeleza. Kwa HO, ili reli moja ipite juu ya nyingine, pamoja na unene wa ubao, unahitaji kupanda kama sentimita 10. Kwa mwinuko wa asilimia 2, huo ni mwendo wa mita 5. Kwa asilimia 4 ni mita mbili na nusu, lakini kichwa kitavuta mabehewa machache mno, na kwenye kona kitachoka zaidi. Kisha ukishapanda, sharti ushuke: mita 5 nyingine. Nimeona michoro mizuri ajabu yenye madaraja matatu, na reli ya kupandia yenye urefu wa mkono. Mchoro hauna uzito, ndugu zangu. Treni inao.

Nimesema mengi juu ya treni. Je, mtu mwenyewe atasimama wapi?

Ubao wa plaiwudi unaouzwa mahali pengi una mita 1.22 kwa 2.44. Kwa miaka mingi huo ndio umekuwa mwanzo wa wengi wetu: nunua ubao, uweke juu ya miguu minne, jenga. Unaonekana mkubwa, na mtu anaona ametumia nafasi kidogo. Tuupime. Upana ni sentimita 122. Toa sentimita 5 kila upande ili treni isianguke ukingoni, zinabaki 112. Kona kubwa kuliko zote unayoweza kuipata ni ya nusu kipenyo cha sentimita 56. Kumbe ubao ule mkubwa ndio unaokubana! Halafu huwezi kuusogeza ukutani pande zote, kwa sababu mkono wa mtu hufika sentimita 60 kwa raha, 75 kwa kujinyoosha. Lazima uuzunguke. Weka njia ya sentimita 60 kila upande, na ubao wako sasa umekula chumba cha mita 2.4 kwa 3.6. Na ndani ya chumba hicho, mviringo wako una reli ya mita 6 tu.

Chumba hicho hicho, weka rafu zenye upana wa sentimita 40 kuzunguka kuta zote. Reli kuu inapata zaidi ya mita 9. Kona za pembe za chumba zinakuwa za sentimita 75 bila kubanana, kwa kuwa kila moja ni robo tu ya duara. Mlangoni unaweka daraja la kunyanyuka. Na katikati unabaki uwanja wa mita 1.6 kwa 2.8, wa kuweka viti, wa kusimama na rafiki, wa kumbeba mtoto aone. Treni inapokwenda huioni inarudi pale ilipotoka. Unageuka nayo, unatembea nayo, unaifuata mpaka inakofika. Ile safari tuliyoitafuta tangu mwanzo, chumba chenyewe kimeshatupa nusu yake.

Sisemi kwamba meza ya katikati ni haramu. Mwenye chumba cha kupanga, anayehamahama, ana sababu zake, na meza inayokunjwa ni neema. Lakini nauliza, tuliichagua, au tuliikuta dukani?

Urefu wa kutoka sakafuni nisiupitie haraka mno, maana wengi huweka reli chini sana. Usawa wa kifua wa anayeendesha unafaa: treni unaiona kwa ubavu, kama mtu aliyesimama stesheni, na mandhari ya sentimita 40 inaonekana ina kina. Ila kadiri unavyopanda juu ndivyo mkono unavyoshindwa kufika mbali. Na kama waendeshaji ni hawa watoto wa mbele hapa, waulizwe wao.

Haya. Treni ina pa kwenda, kona zinapitika, mtu ana pa kusimama. Itakuwa na urefu gani?

Hapa watu wengi wanachora stesheni kwanza, kisha wanaingiza treni kwa nguvu. Fanyeni kinyume. Njia fupi kuliko zote ya kupishana ndiyo inayotoa amri ya urefu wa treni zote. Kichwa cha sentimita 20, mabehewa matano ya sentimita 15, na behewa la mwisho la mlinzi: una treni ya mita 1.1. Njia ya kupishana inahitaji mita 1.1 safi, kutoka pale ambapo behewa haliguswi na treni inayopita. Ongeza pointi mbili. Pointi ya namba 6, yaani ile ambayo reli zinaachana kipimo kimoja kila vipimo sita, ina urefu wa karibu sentimita 30 kwa HO. Stesheni yako ndogo kabisa sasa ina mita 1.7 na zaidi. Mnaona kalamu inavyodanganya? Kwa mkono tunachora pointi ya sentimita 10, tunapanga sita mahali penye uwezo wa mbili, tunafurahi, tunanunua, kisha tunalia.

Yadi, yaani mahali pa kupangia mabehewa, ndiyo mbaya zaidi. Njia zikiwa sentimita 5 toka moja hadi nyingine, kwa pointi za namba 6, kila njia unayoongeza inasogea mbele sentimita 30 kabla haijaanza kuwa na faida. Yadi ya njia nne inakula karibu mita moja kabla behewa la kwanza halijapata pa kusimama. Na hiyo yadi iwe na njia yake ya kushantia, iliyo kando ya reli kuu, ili anayepanga mabehewa asimzuie anayepita. Bila hiyo, mtu mmoja anafanya kazi na wengine wote wanamngoja.

Je, mwenye rafu moja tu afanye nini? Asikilize habari ya Mwingereza Alan Wright. Alibuni reli ndogo aliyoiita Inglenook, yenye pointi mbili tu. Pointi mbili! Njia moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na mwishoni pana nafasi ya kichwa na mabehewa matatu. Mabehewa ni manane. Unachagua matano kwa kura, na unatakiwa uyapange kwa mfuatano ule ule yalivyotoka. Mfuatano wa mabehewa matano kati ya manane unaweza kuwa wa namna 6,720. Kwa mabehewa mafupi ya HO, kazi yote hiyo inaingia kwenye rafu isiyozidi mita 2, yenye upana wa futi moja. Watu wazima wanakaa mbele yake saa nzima, wakivuta, wakisukuma, wakirudisha, bila kuchoka. Yule mwenye meza iliyojaa reli alikuwa na pointi nyingi, na hakuwa na kazi. Huyu ana mbili, na kazi yake haiishi. Kwa nini? Kwa sababu kila behewa pale lina mahali linapotakiwa kufika.

Umeme nitausema kwa ufupi. Reli zetu ni mbili, moja chanya na moja hasi. Reli ikijipinda ikarudi kuungana na yenyewe ikiwa imegeukia ilikotoka, ile ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia, na hapo ni shoti. Chukueni kalamu nyekundu na ya buluu, mpake kila reli rangi yake kwenye ramani. Popote nyekundu inapokutana na buluu, kata reli zote mbili kwa viunganishi vya plastiki, pande zote mbili za kipande hicho, na kipande kiwe kirefu kuliko treni yako. Kisha kipate swichi yake ya kugeuza, au kifaa kinachogeuza chenyewe. Mtego huu umejificha kwenye mzunguko wa kugeuzia, kwenye pembetatu ya kugeuzia vichwa, na kwenye ile njia ya kukatiza katikati ya mviringo ambayo wengi huiongeza bila kuwaza.

Ukishachora, ijaribu ramani yako sakafuni. Watengenezaji wengi wa reli hutoa karatasi zenye umbo la pointi zao kwa ukubwa halisi. Zikate, zipange chini, bandika kwa gundi ya karatasi. Chora kona kwa uzi na penseli. Weka mabehewa yako ya kweli juu ya karatasi, uyasogeze kwa mkono, stesheni hadi kiwandani, kiwandani hadi nyuma ya pazia. Simama pale utakaposimama. Nyoosha mkono mpaka kwenye pointi ya mbali. Fanya hivyo siku kadhaa. Ukiona kuna njia ambayo hujapata sababu ya kuigusa, iondoe, karatasi haina gharama.

Wala usingoje chumba cha ndoto zako. John Allen, Mmarekani ambaye reli yake ya Gorre & Daphetid ilijaza chumba cha chini cha nyumba yake, milima kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, alianza na reli ndogo tu, kama mita moja kwa mbili. Alipojenga ile kubwa hakuitupa ile ndogo. Aliiingiza ndani ya kubwa, ikawa sehemu ya nchi yake. Kwa hiyo kwenye ramani yako ya leo, hata kama ni rafu moja, acha ncha moja ya reli kuu ifike ukingoni mwa ubao, isizibwe na jengo wala kilima. Kesho utaiunganisha.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na nawashukuru kwa kunisikiliza. Waliokuja na michoro yao, tafadhali waiweke kwenye meza hii kubwa. Kila mmoja aandike pembeni urefu wa behewa lake refu, na kila njia ya pembeni iwe na jina la kitu kinachopakiwa au kupakuliwa pale. Ile isiyo na jina tutaanza nayo. Nimeona kuna mtu amechora chumba chenye milango miwili inayotazamana, na mmoja unafunguka kwa ndani. Huyo aje wa kwanza, maana pale daraja la kunyanyuka halitoshi na itabidi tufikiri pamoja.